Mkoromo wa Makusudi

Fundi redio yeyote wa Tabora amelea watoto wake kwa kazi moja: kuondoa mkoromo. Redio ikianza kukoroma, mwenyewe anaifunga kwenye baiskeli, anaitua mezani kwa fundi, anasema "inakoroma hii", na fundi anaifungua mgongo bila kuuliza zaidi. Mtu aliyeishi kwa kazi hiyo miaka zaidi ya ishirini, kisha akafunga kibwebwe miezi mitatu mizima ili autengeneze huo mkoromo kwa mikono yake mwenyewe na kuutia ndani ya kisanduku kinachoenea kiganjani, yuko mmoja tu. Anaitwa Maua Mabruki. Kama jina hilo hulijui, basi ni muda hujaalikwa harusi Tabora, na hilo ni shauri lako na ndugu zako.

Maua ana miaka arobaini na saba. Kibanda chake kiko nyuma ya soko kuu, kwenye baraza ileile aliyokalia baba yake, marehemu mzee Mabruki, enzi ambazo wafanyakazi wa reli walipanga foleni na redio zao za mbao. Ni watu wa mjini hasa. Babu wa babu yao alitoka Manyema na msafara, mzigo kichwani, akielekea pwani. Alipofika hapa akautua, akasema miguu imetosha, na wenzake wakaendelea bila yeye. Maua husema ubishi wake ameurithi kwa mzee huyo. Mama yake alitaka awe mshonaji, akamnunulia cherehani. Siku ya tatu akamkuta ameifungua yote, vipande vimepangwa mkekani, anatafuta kinachoifanya ilie. Mama akanyoosha mikono, akamrudisha barazani kwa baba yake.

Gitaa la besi nalo lilimfikia kama vinavyomfikia vitu vingi, likiwa limekufa. Mpiga besi wa kikundi cha taarabu cha Nuru ya Unyanyembe alilileta waya za ndani zimekatika, akasema atalifuata Ijumaa. Alhamisi akapanda treni ya Dar es Salaam, na hadi leo hajaonekana. Maua alilitengeneza. Ili ahakikishe limepona ilibidi alipige, na kuhakikisha huko sasa kumechukua miaka kumi na minne.

Kikundi ni cha akina mama, ukimwondoa Mustafa wa kinanda, mwanamume mpole ambaye huomba radhi hata akikanyaga kivuli cha mtu. Kiongozi wao ni Bi Shamila, mwimbaji, mwenye sauti ya kusimamisha mapishi na ulimi wa kufanya hivyohivyo. Hupiga kwenye sherehe za akina mama, alasiri, chini ya turubai, barabara ikiwa imefungwa kwa mabenchi. Kibandani Maua ni fundi. Nyumbani kwake Ipuli ni mama wa watoto watatu, na ni mke wa dereva wa lori ambaye hupiga simu kuuliza watoto wamekula nini. Akikaa kwenye kile kiti cha plastiki upande wa kushoto wa jukwaa, gitaa pajani, anakuwa Maua, hana cheo kingine. Aliipenda saa hiyo kuliko saa zake zote, na hakuona haya kulisema.

Tatizo ni kwamba hakuna aliyemsikia.

Spika za kikundi zilikuwa za Masanja, Msukuma wa Igunga aliyeacha kuchunga ng'ombe za baba yake akaja mjini kuchunga spika. Alikuwa na honi nne, zile zenye mdomo mpana zinazofungwa juu ya mti, na honi hizo zilipeleka maneno ya Bi Shamila mitaa mitatu. Ila honi ni kifaa cha sauti nyembamba. Sauti nene ikifika pale hubaki kwenye waya. Waliokaa karibu na jukwaa waliona vidole vya Maua vikitembea juu ya nyuzi, na huo ndio ulikuwa ushahidi pekee kwamba anapiga kitu. Kwenye video za simu ndiyo kabisa. Mtoto wake wa mwisho aliwahi kumuuliza kama lile gitaa ni la kweli.

Mwanzoni mwa Rajabu, Bi Shamila akamwita uani kwake.

"Shikamoo, Bi Shamila."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapo kwenye mkeka." Bi Shamila alikuwa anachambua mchele, na hakuinua macho. "Mimi nakupenda, hilo unalijua. Lakini nikisimama mbele sikusikii. Wa nyuma hawakusikii. Mustafa anasema mkono wake wa kushoto unaweza kupiga besi hapohapo kwenye kinanda, na ya kinanda ina makali, inapita kwenye honi. Harusi ya mjukuu wa Bi Zuhura, mfunguo mosi, itakuwa ya mwisho. Baada ya hapo besi atashika Mustafa."

"Na mimi?"

"Wewe utaitikia na wenzako."

Wote wawili walijua hilo maana yake nini. Maua aliwahi kuitikia mara moja, mwaka ule mwitikiaji mmoja alipougua, na mwimbaji mkuu mwenyewe akapotea njia katikati ya ubeti. Sauti ya Maua haina adui ila masikio ya watu.

"Mpaka harusi ya mjukuu wa Bi Zuhura," Maua alisema.

"Ndivyo nilivyosema."

Alitoka pale. Hakulala na njaa wala hakuapa kisasi; alirudi kibandani akaendelea na pasi ya mtu iliyoungua waya. Moyoni alijua kitu kimoja tu, kwamba akitolewa kwenye kile kiti, atakuwa mtu wa kuondoa mikoromo mpaka kaburini.

Siku chache baadaye dereva wa bajaji alikuwa amekaa kwenye benchi la kibanda akisubiri simu ya mkewe itengenezwe, na kwenye simu yake mwenyewe alikuwa anaangalia bendi ya Wazungu. Mpiga besi wao alikanyaga kijisanduku kilichokuwa chini, na papo hapo sauti ikachafuka, ikawa ya kukwaruza kama inapita kwenye changarawe. Maua alicheka, akasema huyu kajiharibia sauti makusudi na mafundi tupo. Kisha kicheko kikamkatikia mdomoni. Spika ya simu ile haikuzidi ukubwa wa kifungo cha shati, na besi ilikuwa inasikika.

"Irudishe nyuma," akamwambia.

Aliirudisha mara nne. Simu ya mkewe ilichelewa siku mbili kwa sababu hiyo.

Jambo lenyewe, kwa fundi wa redio, halikuwa muujiza. Sauti nene ikisukumwa mpaka vichwa vya mawimbi yake vikatwe, huzaa sauti nyingine nyembamba juu yake, zote ni watoto wake, zinapanda na kushuka pamoja naye. Honi itamkataa mama, lakini watoto itawapitisha, na sikio likiwasikia hao linamjaza mama lenyewe. Miaka yote hiyo Maua alikuwa anawafukuza watoto hao kwenye redio za watu na kuiita kazi. Sasa alihitaji kuwaita warudi.

Alifungua sanduku la baba yake. Mzee hakutupa kitu. Mlikuwa na transista za zamani zenye kofia za chuma, na zile dayodi ndogo za kioo ambazo redio za siku hizi hazina, laini, zinazokata sauti taratibu bila kuichinja. Maua alizipima moja moja, akachagua. Transista moja ya kusukuma, dayodi mbili za kukata vichwa, betri ya volti tisa, na swichi ya kubonyeza kutoka kwenye redio kaseti iliyokufa kwa heshima zake. Vyote akavilehemu na kuvifunga ndani ya kopo la biskuti. Akalijaribu kwenye spika kubwa ya baba yake, ile ya ndani ya kabati la mninga, ambayo fundi yeyote mwenye akili huitumia mezani ili akisikia ubovu ajue ni wa redio na si wa spika. Ilitoka sauti nzito, tamu, ya lori linalopanda kilima na mzigo wa tumbaku. Maua alifurahi mpaka akafunga kibanda mapema.

Na hapo ndipo alipofanya kosa la watu wa kazi yake. Alikuwa amelijaribu kwenye spika nzuri kuliko zote Tabora.

Harusi iliyofuata ilikuwa ya mwezi wa Shaabani, mtaa wa pili kutoka kwake, majirani watupu, mashahidi wa kutosha. Kwenye wimbo wa tatu alibonyeza swichi ya kopo kwa mguu. Honi nne zilitoa mlio wa bati linaloburuzwa kwenye lami. Bi Shamila aliruka nusu hatua. Wageni wakatazama juu ya miti, na mtu akasema kwa sauti kwamba spika imepasuka, maana kila mtu hapa anajua spika iliyopasuka inavyolia. Masanja alitoka mbio kama ameona ng'ombe kwenye mahindi ya watu, akaishusha besi mpaka sifuri na kuchomoa waya kabisa. Wakati huohuo mama mmoja alikuwa anakuja mbele akicheza, noti mkononi, kumtunza mwimbaji. Mguu wake ukakutana na kopo la biskuti, kopo likabingirika chini ya meza ya keki. Mustafa, huku uso wake ukiomba radhi, akaanza kupiga besi kwa mkono wa kushoto. Ilisikika vizuri sana.

Maua alimaliza sherehe nzima anapiga gitaa lisilo na waya, kwa sababu kusimama na kuondoka kungekuwa aibu ya pili. Kwenye bajaji ya kurudi nyumbani alilia. Alilia waziwazi, gitaa magotini, na dereva akawa na adabu ya kuongeza sauti ya redio. Usiku huo aliazimia kuacha muziki.

Asubuhi yake mtu alirusha video ya sherehe kwenye kundi la simu la majirani. Maua aliifungua kujitonesha kidonda tu. Wimbo wa kwanza, besi hakuna. Wa pili, hakuna. Wa tatu ulipoanza, ikatokea ile sauti ya bati, mbaya, ya kukera, na ilidumu sekunde ishirini na tano kabla Masanja hajaiua. Lakini ndani ya sekunde hizo, kwenye spika ya simu, kila noti ilikuwepo. Alijisikia anapanda, anashuka, anageuka pale anapogeukaga kila siku na pale ambapo hakuna mtu aliyewahi kujua kwamba anageuka.

"Kumbe nipo," akasema peke yake jikoni.

Chai ilipoa. Aliisikiliza mpaka mtoto akaja kuuliza kama leo haendi kazini.

Alikwenda, ila si kibandani. Alikwenda kwa Masanja, akamkuta anafuta honi zake kwa kitambaa chenye maji.

"Mwangaluka, baba," Maua alisalimia kwa Kisukuma, kwa sababu alikuja kuomba.

"Mwangaluka, mayo." Masanja naye alimwita mama, akaendelea kufuta. "Kama umekuja kwa lile kopo lako, hapana."

"Nimekuja kwa honi. Una yoyote mbovu?"

"Ipo moja, inapiga nusu. Ya nini?"

"Nataka kuijaribia. Nilikosea, nilijaribia kwenye spika nzuri. Sasa nataka mbaya kuliko zote ulizonazo. Ikikubali hapo, itakubali popote."

Masanja alicheka kidogo. "Lakini kwa nini unataka kutia kelele kwenye sauti nzuri, dada? Hicho ndicho kisichoniingia kichwani."

"Masanja, ukipita kwenye ukuta ukaona masikio ya punda yamechomoza juu, utasema umeona masikio?"

"Nitasema kuna punda."

"Basi mimi besi yangu yote iko nyuma ya ukuta. Natafuta masikio."

Masanja alitafakari. Mtu aliyechunga anaelewa mambo ya masikio. Akaingia ndani, akatoka na honi yenye mdomo uliopondeka, akampa pamoja na sharti kwamba safari hii hataunganishwa na mtambo wake kabla yeye mwenyewe hajasikia.

Mwezi wa Ramadhani ulimkuta Maua barazani, honi iliyopondeka ikining'inia kwenye boriti, yeye na funga yake, akilehemu na kubandua. Alishaelewa lilipo kosa. Alikuwa ameichafua sauti yote, mama na watoto. Sasa aliigawa njia mbili. Njia ya kwanza iliiacha besi ipite safi kama ilivyotoka kwenye nyuzi, isiguswe. Ya pili iliipunguza unene kwanza, ikaisukuma kwenye dayodi za kioo, halafu kapasita moja ikaondoa ule ukali wa bati. Mwishoni njia zote zikakutana, na kifundo kimoja cha kuzungusha kikaamua chafu iwe kiasi gani ndani ya safi. Alizungusha kifundo hicho kama anayeonja chumvi, kidogo, akapiga, kidogo tena, akapiga. Jirani yake muuza asali alivumilia wiki mbili, ya tatu akaanza kuimba kinachopigwa bila kujijua. Maua alipomsikia anaimba zamu ya besi, si ya mwimbaji, alijua amekaribia.

Ikabaki nyumba ya kukitia kifaa chenyewe. Kopo la biskuti lilishaonyesha tabia yake. Wanaokuja kutunza huja wanacheza, macho kwa mwimbaji, na chochote kilichoko chini ni halali ya miguu yao. Kilitakiwa kitu kidogo, kizito, kisichohama. Alijaribu kibweta cha plastiki cha sabuni, kikaenea vizuri, lakini simu ya mteja ilipokaribia kuita, kikaanza kutoa ule mlio wa titi-titi-titi kwenye honi. Harusi moja ina simu mia tatu. Ilikuwa lazima kiwe cha chuma, pande zote.

Idrisa ni mfua sufuria. Huyeyusha alumini chakavu, rimu za pikipiki, vichwa vya injini, na kuimimina kwenye mchanga; masufuria ya pilau ya nusu ya mji huu yametoka kwenye moto wake. Maua alimkuta amekaa mbali na tanuri, midomo imekauka kwa funga.

"Kaka Idrisa, nataka sufuria."

"Ya kilo ngapi?"

Maua alimwonyesha kiganja.

Idrisa alitazama kiganja, akamtazama usoni. "Unampikia panya?"

"Nataka kisanduku kinachoenea hapa. Kuta nyembamba, kona zisiwe na ncha."

"Mimi sina umbo la kitu kama hicho. Nani atanichongea?"

Maua alikuwa amelichonga mwenyewe. Akatoa kwenye mkoba kipande cha sabuni ya mche alichokipunguza kwa kisu cha jikoni mpaka kikawa na mwili anaoutaka: chini kipana, juu chembamba kidogo, mgongo laini. Alikuwa ameufikiria mgongo huo kwa sababu ya madera. Upindo wa dera ukipita juu ya kisanduku cha kukanyaga hunasa kwenye kifundo na kukizungusha, na yeye ni mtu wa madera, hakukusudia kuvaa suruali kwa ajili ya transista. Kwa hiyo kifundo kingekaa ubavuni, kimezama, na juu ingebaki swichi peke yake.

Idrisa aliipokea sabuni, akaigeuzageuza. Alikuwa amepanga kukataa. "Nani kakufundisha kuchonga hivi?"

"Hakuna. Sabuni tu."

"Hii ni kazi," Idrisa alisema, na kwa mfua sufuria hiyo ni sifa ya juu kabisa.

Aliikandamiza sabuni kwenye mchanga, akaitoa bila kuvunja kona hata moja. Kwenye shimo akasimamisha kijitofali cha mchanga uliobanwa, ili ndani kubaki wazi, kisha akamimina alumini kuzunguka. Cha kwanza kilitoka na tundu. Cha pili kilitoka kinene. Cha tatu Maua alikitwaa kikiwa bado cha moto, amekifunga kwenye kanga. Kukijaza kulimchukua siku nne. Betri ilikula nusu ya nafasi, kwa hiyo ilibidi vitu vilehemiwe pande zote mbili za kibao, transista imelazwa ubavu, waya fupi za kuhesabika. Alipofunga parafujo ya mwisho alikitikisa karibu na sikio. Hakikutoa sauti. Akakiweka mezani na kukitazama, na alijisikia fahari ambayo redio elfu za watu hazikuwahi kumpa, kwa sababu hizo zote alizirudisha zilivyokuwa, na hiki hakikuwa mahali popote kabla yake.

Masanja alikuja kusikiliza kama walivyoagana. Maua alimwambia atembee aondoke, na pale atakapoacha kuisikia besi ampigie simu. Honi ile mbovu iligeuziwa barabarani. Maua akabonyeza swichi, akaanza kupiga. Safari hii sauti haikuwa bati. Ilikuwa nzito, na chini ya uzito wake kulikuwa na ukwaruzo mwembamba wa mtu mwenye koo lililoimba sana. Alipiga dakika tano, simu kimya. Kumi, kimya. Ya ishirini Masanja akatokea anarudi, mkononi ana kifurushi cha karanga za kufuturia.

"Mbona hukupiga?"

"Ningekupigia nikwambie nini? Nimefika stendi ya mabasi. Wapiga debe wananiuliza besi hiyo inatoka wapi."

Harusi ya mjukuu wa Bi Zuhura iliangukia Jumamosi ya mfunguo mosi. Turubai mbili, mabenchi hayatoshi, wageni kutoka Nzega na Igunga kwa upande wa bwana harusi, na masufuria ya Idrisa yakichemka uani nyuma ya nyumba. Maua alitua kisanduku karibu na kidole gumba cha mguu. Hakuna aliyekiona.

Hakuwaambia wenzake, na wao walikuwa na lao ambalo hawakumwambia. Wimbo ulipoanza alisikia besi mbili. Bi Shamila, kwa tahadhari, alikuwa amemwagiza Mustafa aanze mkono wa kushoto siku hiyohiyo, ili la Shaabani lisijirudie. Maua aligeuka, akamwona Mustafa anatazama funguo za kinanda kama mtu aliyepoteza sindano. Damu ilimpanda. Alikuwa ameahidiwa harusi hii, nayo walikuwa wamempokonya kimyakimya, yeye akiwa amekaa kwenye kiti chake na gitaa pajani. Alipiga wimbo mzima bila kubonyeza kitu, ameuma meno, na mkono wa Mustafa ukamfunika.

Wimbo wa pili ni ule ambao Bi Shamila huutumia kumaliza watu. Maua aliacha beti moja ipite. Kisha akabonyeza.

Wa kwanza kujua walikuwa wapishi. Walikuwa nyuma ya nyumba, hawaoni jukwaa, hawana habari na mambo ya jukwaani. Mabega yao yakaanza kwenda, na mmoja akatokea pembeni mwa ukuta na mwiko mkononi kutazama kumetokea nini. Halafu mabenchi ya nyuma. Halafu ya katikati, wanawake wanageuziana nyuso. Masanja alikuwa amesimama chini ya mti wenye honi, mikono kifuani, na alikuwa anatabasamu kama ndiye aliyezaa. Noti za Maua zilipita juu ya turubai, moja moja, kila moja na mwili wake, zikipanda pale alipopandaga siku zote na kugeuka pale alipogeukaga. Mkono wa Mustafa uliendelea na ile besi yake ya wastani, ukagongana na yake, ukabaki nyuma, ukawahi, ukabaki nyuma tena.

Ndipo akainuka Kabula, shangazi wa bwana harusi, mama wa Igunga mwenye mwili na madaha ya kuutosha. Alikuja mbele akicheza taratibu, amevua kanga yake mpya ya begani na kuishika kwa mikono miwili. Watu walimfungulia njia. Bi Shamila alimwona, akaongeza madoido kwenye sauti, akanyoosha mkono kupokea kama anavyopokeaga tangu ujana wake. Kabula akampita.

Alimpita bila kumtazama, akakata kushoto, akaenda mpaka kwenye kiti cha plastiki. Akaitandaza kanga kwenye mabega ya Maua, akaikaza kwa mikono yake miwili, akamwambia sikioni, "Kumbe ni wewe, mayo. Endelea." Vigelegele vilivyopigwa hapo vilianza uani kwa wapishi. Tangu kikundi kianzishwe hakuna mgeni aliyewahi kumtunza mpiga besi, na akina mama wote wa mjini walilijua hilo, kwa hiyo hawakupiga vigelegele vya adabu. Maua hakukosa noti hata moja, ingawa machozi yalikuwa yanamshuka na hakuwa na mkono wa kuyafuta.

Bi Shamila alikuwa amebaki na mkono hewani. Ni mwanamke mwenye hasira za karibu, na wanaomfahamu waliacha kupumua. Aliushusha mkono. Alimwangalia Maua muda mrefu, huku kichwa chake, bila ruhusa ya mwenyewe, kikitikisika pamoja na besi. Kisha akaweka kipaza sauti chini na kwenda upande wa kinanda. Akaushika mkono wa kushoto wa Mustafa, akauinua kutoka kwenye funguo, akaulaza juu ya goti lake, akaupigapiga mara mbili ili ukae hapo. Mustafa akashusha pumzi kwa faraja.

Sasa besi ilikuwa moja. Bi Shamila alirudi mbele, akachukua kipaza sauti, akajaza kifua kama anayeanza ubeti. Halafu hakuuanza. Alisimama kimya mbele ya harusi nzima na kuiacha besi izunguke peke yake, mwanzo hadi mwisho, kabla hajafungua mdomo.